«Sombe Haiko, Papa»: Juu ya Kula Hotelini Huku Kwetu

Katika vijitabu vya mila tumezoea kusoma juu ya ndoa, matanga, majina ya watoto na ngoma. Juu ya chakula watu wanaandika kidogo. Juu ya chakula cha hotelini hawaandiki kabisa, sawa vile mtu akiisha kuvuka mlango wa restora ameacha mila yake inje pamoja na pikipiki. Mimi nimefikiri kinyume tangu siku moja ya mwaka jana, na ndiyo siku ninayotaka kuieleza kwanza, ndugu msomaji, kabla ya kutoa lawama zangu.

Mgeni wangu alitoka Kinshasa. Ni mtu wa ofisi, mwenye kusafiri sana, na alipofika Butembo aliniomba jambo moja tu: «Yaya, unipeleke mahali nitakula chakula cha Banande.» Nikampeleka katika hoteli moja ya katikati ya mji, hoteli safi, yenye vitambaa vyeupe mezani na maua ya plastiki. Jina lake silitaji, maana ningeweza kumpeleka katika nyingine tano, hapa ama Beni, na hadithi ingekuwa ileile.

Karte ya chakula ilikuwa na kurasa 4, zote kwa Kifaransa. Juu kabisa waliandika «cuisine française», kisha vikafuata «escalope», «cordon bleu», «tilapia meunière», «poulet à la provençale», «filet sauce au poivre vert». Nilihesabu vyakula 37. Bugali haukuwamo. Sombe haikuwamo. Makemba yalikuwamo, lakini yalikuwa yamebatizwa «bananes frites» na kuwekwa kwenye ukurasa wa mwisho, pamoja na mayai.

Nikamwita dada anayehudumu. «Dada, leo kwa kweli iko nini?»

«Iko poulet na frites. Iko samaki na frites. Na wali iko.»

«Na sombe?»

«Sombe haiko, papa.»

Alisema hivyo huku akicheka kidogo, mkono mdomoni, kama mtoto aliyesikia mzee akitaja jambo la aibu. Lakini harufu ya sombe ilikuwa inatufikia pale tulipokaa! Mgeni wangu aliisikia, nami niliisikia. Nikamwuliza harufu ile inatoka wapi. Akajibu: «Ile ni ya batumikaji, papa. Banapika nyuma.»

Tulingoja saa moja na nusu. Kuku akaja na frites zake. Tukamla huku tunanusa sombe ya watu wengine.

Sasa niseme juu ya chakula chenyewe, kwa sababu mtu anayelaumu bila kuonja ni msengenyaji tu. Frites zilikuwa nzuri sana. Viazi vya milima ya Lubero havina haja ya kusifiwa na mimi, na yule aliyezikaanga alijua kazi yake: mafuta moto, chumvi ya kutosha, juu kavu na ndani laini. Kuku alikuwa amekaangwa mara ya pili, naona, kwani nyama yake ilikuwa ngumu kama kamba, na juu yake walimwaga mchuzi mwekundu wa tomato ya kopo na kube. Neno «provençale» lilikuwa limeahidi vitunguu saumu, majani ya harufu na mafuta ya zeituni. Mgeni mwingine wa meza ya karibu alipewa «tilapia meunière». Kwa Kifaransa jina hilo linatoka kwa mwanamke wa kinu, ni kusema samaki anapakwa unga, anakaangwa katika siagi, kisha anawekewa ndimu. Yule samaki hakuwa ameona unga, wala siagi, wala ndimu. Alikuwa samaki wetu wa Ziwa Edward, aliyeondoka Kyavinyonge akiwa mzuri, akaharibiwa na jina.

Na mwisho tuliomba kahawa. Huku kwetu! Katika nchi ambayo kahawa inapandwa mpaka nyuma ya choo! Wakatuletea maji ya moto na pakiti ndogo ya kahawa ya unga iliyotengenezwa ng'ambo. Mgeni wangu aliigeuzageuza pakiti ile, akasoma maandishi yake yote, akaniangalia. Sikuwa na jibu.

Bei ya sahani moja ilikuwa dola 10. Nilizilipa bila kugombana. Lakini usiku ule nilikumbuka habari za babu yangu, na hapo ndipo hasira ikaanza.

Babu alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja mwenye shamba katika milima ya Lubero. Alijua kupika kuku katika sufuria yenye mfuniko, moto mdogo, pamoja na puaro na karoti, mpaka nyama inaachana na mfupa yenyewe. Alijua steki, alijua mayoneze ya kupiga kwa mkono, alijua frites (ambazo, tuseme ukweli, ni za Wabelgiji kuliko za Wafaransa, na wao wenyewe wanazigombania mpaka leo). Alivaa nyeupe, alipeleka sahani mezani, kisha alirudi kula bugali wake nyuma ya jiko, amechuchumaa. Hakuruhusiwa kukaa kwenye ile meza. Hakuna aliyeona jambo hilo kuwa la ajabu, wala yeye mwenyewe.

Wazee wanakumbuka pia habari ya karte nyingine, ile ya «évolués». Mwaka 1948 Wabelgiji walianza kutoa «carte du mérite civique», na mwaka 1952 wakaleta «immatriculation», iliyokuwa ngumu zaidi kupata. Wachunguzi walifika mpaka nyumbani kwa mwombaji, wakatazama namna anavyoishi na mke wake, usafi wa nyumba, na namna familia inavyokula. Uma na kisu vilikuwa ushahidi. Walioipata walikuwa wachache mno, lakini waliojifunza somo lake walikuwa wengi: chakula cha mezani kina lugha yake, na lugha hiyo si yetu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Wabelgiji waliondoka mwaka 1960. Leo mwenye hoteli ni Munande, mpishi ni Munande, wateja wengi ni Banande, na bado sombe iko nyuma ya nyumba. Tumebadilisha watu waliokaa mezani. Meza yenyewe hatukuigeuza. Na karte ile ya kurasa 4, yenye vyakula 37 ambavyo 34 haviko, haiandikwi ili mtu achague chakula. Inaandikwa ili mtu aone kwamba hapa ni mahali pa heshima.

Kuna msomaji atakayesema: «Basi wewe unachukia upishi wa Wafaransa.» Sivyo. Ninaupenda, na ninalaumu kwamba tumeuiga vibaya. Tuutazame kule ulikopata sifa, ni kusema mji wa Lyon.

Lyon uko pale ambapo mito miwili, Rhône na Saône, inakutana. Mwandishi mmoja wa mambo ya chakula, Curnonsky, ndiye aliyeuita mji mkuu wa upishi wa dunia, mwaka 1935. Lakini sifa hiyo haikutoka katika majumba ya wakubwa. Lyon ulikuwa mji wa wafumaji wa hariri, wanaoitwa «canuts», watu maskini wa kilima cha Croix-Rousse, walewale waliofanya maasi mwaka 1831 na tena 1834 juu ya malipo yao. Walifanya kazi tangu usiku, na asubuhi walikuwa na njaa kali. Walikula katika vyumba vidogo vilivyoitwa «bouchons». Na walikula nini? Matumbo. Miguu ya nguruwe. Soseji za utumbo. Jibini laini iliyopigwa na majani, ambayo mpaka leo inaitwa «ubongo wa mfumaji», kwa matani. Kuna chakula chao kimoja chenye jina la «tablier de sapeur», ambacho ni matumbo ya ng'ombe yaliyopakwa unga wa mkate na kukaangwa. Matumbo, ndugu msomaji! Yale ambayo hoteli zetu zinaona haya kuyaandika, Lyon inayauza kwa watalii pamoja na divai.

Na wapishi walikuwa nani? Wanawake. Wengi wao walikuwa watumishi katika nyumba za matajiri, kama babu yangu. Baadaye wakatoka na kufungua mahali pao wenyewe. Watu waliwaita «mères», akina mama. Mmoja wao, Mama Fillioux, alisifika kwa kuku wa kuchemsha. Kwake alifanya kazi msichana mmoja wa kijijini, Eugénie Brazier, aliyezaliwa mwaka 1895, mtoto wa wakulima, aliyefika Lyon kutafuta kazi akiwa amezaa bila ndoa. Mwaka 1921 alifungua restora yake ndogo katika njia ya Royale. Mwaka 1933 kitabu cha Michelin (ndiyo, walewale wa matairi) kilimpa nyota 3 kwa restora yake ya mjini na nyota 3 nyingine kwa ile ya mlimani, nyota 6 jumla, na hakuna mtu aliyewahi kupata hivyo mbele yake. Paul Bocuse, yule ambaye dunia nzima ilimfahamu mpaka alipokufa mwaka 2018, alijifunza kazi kwa mama huyo. Na chakula kilichompa mama Brazier sifa ni kuku aliyechemshwa polepole, pamoja na puaro na karoti. Ni kweli, chini ya ngozi waliweka vipande vya uyoga wa bei kali. Lakini sufuria ni ileile ya babu.

Kisha tazama mahali penyewe. Kuku wa Lyon anatoka Bresse, jirani. Jina la kuku huyo linalindwa na sheria tangu mwaka 1957, mtu wa mahali pengine hawezi kulitumia. Divai inatoka vilima vya Beaujolais, samaki wanatoka maziwa madogo ya Dombes. Mji uko katikati ya wakulima wake. Sasa tazama Butembo. Milima ya Lubero inatuletea viazi, puaro, shu, karoti na maharagi. Ziwa Edward linatuletea samaki. Mabalako na upande wa Mangina wanaleta mchele, mawese, makemba. Jibini ya Masisi inafika sokoni. Ni miji mingapi yenye bahati kama hii? Lyon ilipokuwa na bahati hiyo iliandika majina ya vijiji katika karte. Sisi tumeandika «provençale».

Hapa kuna hoja ambayo siwezi kuikimbia, maana mwenye hoteli mmoja aliniambia uso kwa uso: «Mtu hawezi kutoka nyumbani na kulipa dola kufuata kile alichoacha jikoni. Bugali anakula kila siku. Kwangu anatafuta kitu ingine.» Ni neno la mfanyabiashara, na lina ukweli. Baba wa nyumba anayewatoa watoto siku ya komunyo hatafuti sombe. Anatafuta frites na Fanta, na ana haki. Mimi pia nilipokuwa mtoto ningelia kama wangenipa sombe siku ile.

Lakini nikamwuliza: ni lini mara ya mwisho ulikula sombe iliyopikwa vizuri nyumbani? Akanyamaza, akahesabu. Kweli tunakula sombe kila wiki, lakini ni sombe gani? Imepitishwa katika mashine sokoni mpaka imekuwa tope, imechemshwa haraka kwa sababu makala ni bei, imetiwa kube mbili ili kuficha haraka hiyo. Sombe ya mama zetu ilitwangwa kwa kinu, si laini sana. Ikachemshwa peke yake muda mrefu mpaka ule uchungu unatoka. Ndipo likaingia biringanya, kitunguu, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, na mawese mwishoni, mafuta mapya yenye rangi. Wengine waliweka ndagala, wengine karanga. Kazi ya nusu siku. Mwanamke wa leo mwenye duka sokoni ama mwalimu wa shule hana nusu siku. Basi ni nani aliye na jiko kubwa, makala ya jumla, vijana wa kutwanga na saa za kungoja? Hoteli! Kitu kile ambacho nyumba haiwezi tena, ndicho hoteli inaweza kuuza. Mama wa Lyon hawakufanya kingine. Walichukua chakula ambacho mfumaji alikijua, wakakipika kwa namna ambayo mke wake hakuwa na wakati wa kukipika.

Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na akina mama wa kando ya soko na kwenye parking, wale ambao Kinshasa wangeita malewa. Nisiwapambe kuliko wanavyostahili. Moshi unaumiza macho. Benchi ni fupi, unakula magoti yakigusana na ya mtu usiyemjua. Sahani inasafishwa katika maji ambayo yamekwisha kusafisha sahani nyingi. Wengine wanazidisha mawese mpaka chakula kinaogelea, na kube imewashinda hata wao. Lakini sufuria zao hazisemi uongo. Unafunua, unaona. Kama maharagi yameisha, mama anasema yameisha, na hakuna karatasi inayoahidi kitu kingine. Kwa franka 3,000 unakula bugali, sombe na kipande cha samaki, na kama mama anakufahamu anakuongeza mchuzi. Muuza makala na mwanasheria wanakaa benchi moja.

Kulikuwa na wakati ambapo tofauti ya pande hizi mbili ilionekana wazi kabisa. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia kwa ndugu zetu wa Mangina, katika zone ya afya ya Mabalako, na haikutangazwa kuisha mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Ndoo yenye robine na maji ya kloro iliwekwa mbele ya kila mlango, wa hoteli na wa mama wa soko pia. Tukaacha kupeana mikono. Na sahani moja ya bugali iliyozungukwa na mikono mingi ikawa kitu cha kuogopwa. Hoteli zilijaa wageni wa «riposte», dola zikapanda, na karte zikaongezwa kurasa. Siwalaumu wageni: walikula kile walichoonyeshwa. Wangapi kati yao walikaa miezi kati yetu na kurudi kwao wakifikiri kwamba Banande wanakula «escalope»?

Ile sahani ya pamoja haikurudi kabisa, nyumbani kwangu angalau. Watoto wangu wamezoea kila mtu na sahani yake. Pengine ni vizuri kwa afya. Sitabishana na waganga. Lakini desturi ya mkubwa kuacha kipande cha nyama kwa mdogo, na mdogo kungoja mkubwa anyooshe mkono, haina mahali pa kukaa kwenye sahani ya mtu mmoja. Hoteli ambayo ingetaka kutufundisha jambo ingeweka mezani sahani kubwa moja ya bugali, safi, na bakuli la kunawia lenye maji ya moto na sabuni, mbele na nyuma ya kula. Kunawa mikono tulikujua kabla ya kloro.

Ninaogopa jambo moja zaidi. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu wengi kutoka mashamba yao, na mama aliyekimbia na watoto hachukui kinu. Anafika mjini, anapika kile anachopata. Binti yake anakulia Butembo, hajui kutofautisha mawese mapya na ya zamani kwa harufu. Kijana anayesomea kazi ya hoteli anajifunza «sauce béchamel», na sikatai, ajifunze. Ila hakuna anayemwuliza juu ya sombe kwenye mtihani. Sombe itabaki katika lugha, tutaendelea kuitaja. Namna ya kuipika ndiyo itakwenda na bibi zetu.

Na tusifikiri kwamba dunia ingetucheka. Mwaka 2010 UNESCO iliweka mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa binadamu. Watu wetu wa Kifaransa walishangilia. Mwaka 2017 orodha hiyohiyo ilipokea «nsima» ya Malawi, namna ya kuipika na ya kuila pamoja. Nsima ni bugali. Bugali tu, wa unga wa mahindi, na sherehe zake. Wamalawi waliandika karatasi zao, wakatuma, wakapokelewa.

Sidai kwamba frites ziondolewe. Wala sidai kwamba Kifaransa kifutwe. Karte inaweza kuandikwa kwa Kifaransa, Kiswahili na Kinande, karatasi ni ileile. Ninadai vitu vitatu hivi. Hoteli iandike vyakula 6 vilivyoko, badala ya 37 visivyoko. Iandike samaki ametoka wapi, na mchele umetoka kwa nani. Na ile sombe ya watumikaji, ambayo kila siku inapikwa huko nyuma na mikono ileile, ivuke mlango wa jiko na kuja mezani, kwa bei yake.

Kesho yake, kabla ya mgeni wangu kwenda kiwanja cha ndege, nilimpeleka kwa mama mmoja karibu na parking. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye benchi katikati ya vijana wa taksi-moto. Mama alimtazama viatu vyake, akacheka, akampanguzia mahali kwa kitambaa. Sombe ilikuwa na ndagala. Alikula bila kusema neno. Alipomaliza aliomba sahani ya pili, na mama akafunua sufuria ili aone mwenyewe: ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja, na kijana aliyefuata kwenye mstari alikuwa amekwisha kulipa.

«Urudi kesho, papa,» mama alimwambia. «Lakini ufike mapema.»